Macho Yako Yana Haki Juu Yako: Miwani ya Kinga Ndani ya Sanduku la Biharusi



Tukizungumzia macho ya biharusi, mara nyingi tunazungumzia wanja, kope za kubandika na lenzi za rangi. Leo naomba tuzungumzie kitu ambacho huwezi kukiona kwenye masanduku tunayopanga: miwani ya kinga. Sisemi ile miwani myeusi ya kupigia picha Forodhani. Nasema miwani ya kazi, ile inayozuia jiwe, unga wa dawa au tone la mafuta makali lisikufike machoni.

Mimi ni mtoto wa Unguja, nimezaliwa na kulelewa Ng'ambo, na huu ni mwaka wangu wa saba wa ndoa Nachingwea. Kila msimu napata ujumbe kutoka kwa wasichana wa kwetu wanaoposwa bara. Wananiuliza kama kuna joto, kama wakwe ni wakali, kama samaki wanapatikana. Hakuna anayeniuliza kuhusu macho. Kwa hivyo najibu leo swali ambalo sijaulizwa.

Huku ni wapi

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya mbili jirani za mkoa wa Lindi. Ukitoka Dar es Salaam unashuka na barabara ya kusini hadi Lindi, kisha unaingia ndani, na udongo unabadilika kuwa mwekundu. Waislamu ni wengi, adhana unaisikia, na mwenyeji wako wa Kimwera atakusalimia salamu ndefu mpaka usahau ulikuja kufanya nini. Wazee wanaikumbuka Nachingwea kwa ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, na kwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji. Siku hizi maisha ni korosho, ufuta, mbaazi na madini.

Ukiolewa huku, hata kama wewe ni mwalimu au una duka lako la nguo, kazi hizo zitakufikia. Utakuwa mke wa mkulima, wifi wa mchimbaji, au shemeji wa dereva wa bodaboda. Na kila moja ya kazi hizo ina namna yake ya kuumiza jicho.

Salfa, maganda, mawe na vumbi

Mikorosho inapoanza kutoa maua, kuanzia mwezi wa sita hivi, unakuja ugonjwa wa ubwiriunga. Ni ukungu mweupe unaokausha maua, na ua likikauka hakuna korosho. Dawa yake ya miaka mingi ni salfa ya unga, inayorushwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Kazi hii hufanywa mapema, upepo haujaamka na majani bado yana umande, ili unga ushike. Kwa hivyo watu wakitoka kuswali Alfajiri wanaelekea shambani moja kwa moja. Bomba linaelekezwa juu, kwenye matawi, na unga uliopanda hushuka. Unamshukia mpulizaji usoni. Salfa ikikutana na unyevu wa jicho, inachoma. Jicho linawaka jekundu na machozi hayakatiki mpaka jioni.

Usidhani hilo ni la wanaume peke yao. Nani anajaza unga kwenye mashine? Nani anakung'uta mifuko? Nani anafua zile nguo? Mke.

Halafu kuna kubangua. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana wabanguaji wanajipaka majivu mikononi kabla ya kuanza. Mikono inapakwa, lakini jicho halina cha kupakwa. Korosho moja ikipasuka vibaya inarusha kipande cha ganda pamoja na mafuta yake, na uso wako uko hapo hapo juu, umeinama.

Ruangwa nako kuna mawe. Namungo, watu wanachimba dhahabu kwa mikono yao, na wanawake wengi huishi kwa kuponda mawe. Upande wa Matambarale kuna madini ya kinywe, yale meusi yanayoteleza, ambayo siku hizi dunia inayataka kwa ajili ya betri. Vumbi lake ni laini na linaingia kila mahali. Na hata usipochimba chochote, ukipanda bodaboda mwezi wa tisa, vumbi jekundu la barabara litakufikia machoni kabla hujafika uendako.

Wifi yangu

Nina wifi, dada wa mume wangu, ameolewa Ruangwa. Ameniruhusu nisimulie habari yake bila kutaja jina, kwa sharti niseme ukweli.

Alikuwa akiponda mawe kwa malipo ya kila debe. Mwenye mawe alitoa nyundo tu, miwani haikuwapo. Siku hiyo kipande kidogo, kidogo kuliko punje ya mchele, kiliruka kikamgonga jicho la kushoto. Alifumba, akafikicha, akanawa, akaendelea, kwa sababu debe lilikuwa halijajaa. Usiku jicho lilianza kuuma. Jirani akaleta majani ya kukamulia. Siku ya pili mwingine akashauri maziwa ya mama. Siku ya tatu jicho lilikuwa limefunga kabisa na usaha unatoka, ndipo wakaondoka kwenda hospitali. Walichelewa. Jicho liliokolewa kama kiungo, lakini halioni.

Watu wanadhani mwenye jicho moja anaona nusu. Sivyo. Anaona karibu kila kitu, ila kupima umbali kunakuwa kazi. Mara ya kwanza nilipomtembelea baada ya ile ajali, alinimiminia chai, na chai ikaanguka sentimita mbili pembeni ya kikombe. Alicheka. Mimi sikuweza. Mpaka leo anagusa ukingo wa kikombe kwa kidole kwanza, ndipo amimine. Uzi wa sindano anatungiwa na binti yake.

Ndiyo maana nawaambia: miwani hii si mambo ya kiwandani wala ya Wazungu. Ni mambo ya chai, ya sindano na ya msahafu.

"Lakini Mungu ndiye mlinzi"

Hili nimeambiwa na mamamkwe wangu, mwanamke mcha Mungu ambaye naomba Allah anipe nusu ya subira yake. Nilipomletea miwani ya kubangulia, alisema, "Mwanangu, mlinzi ni Mungu. Nimebangua tangu sijavunja ungo, na macho yangu haya hapa."

Sikubishana naye, maana mkwe habishaniwi. Lakini nililifikiria sana, na nikamuuliza ustadhi wetu wa madrasa ya akinamama. Alinikumbusha mambo matatu.

La kwanza, yule bwana aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah. Aliagizwa afunge kwanza, kisha ategemee. La pili, Mtume mwenyewe, mbora wa wenye kutawakali, aliingia Makka siku ya ufunguzi akiwa amevaa kofia ya chuma. Hakuna aliyesema imani yake imepungua kwa kile chuma. La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Abdullah bin Amr (RA) alipokuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, Mtume (SAW) alimkanya, akamweleza kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki juu yake, na mke wake ana haki juu yake.

Dada zangu, tazameni jinsi macho na mke vilivyotajwa katika mafundisho hayo hayo. Kama jicho lina haki ya kulala, basi lina haki pia ya kulindwa na jiwe.

Mamamkwe aliikubali miwani mwisho wake, lakini si kwa sababu ya hoja zangu. Siku moja alikuwa akisoma Yasini, mjukuu akapita mbele yake na kumzibia mwanga. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Hivi nikipofuka, nitabaki na zile sura nilizohifadhi tu." Kesho yake nilimkuta amekaa na korosho zake na miwani usoni. Hatukuizungumza tena.

Namna ya kuchagua

Kosa kubwa sokoni ni kudhani miwani ya kinga ni aina moja. Jiulize kwanza: ni kitu gani kinachokuja machoni?

*Kikiwa ni kipande kinachoruka* (jiwe, ganda, kuni, msumari), unataka miwani ya lenzi za polikaboneti yenye mbavu za pembeni. Polikaboneti ni aina ya plastiki ngumu isiyopasuka ovyo ikigongwa. Kioo cha kawaida kinapasuka, na vipande vyake vinaingia kule kule ulikotaka kukinga. Miwani yako ya kusomea si kinga, hata kama ni ya bei kubwa. Ukiwa unavaa miwani ya macho, tafuta ya kinga iliyo pana, inayovaliwa juu yake.

*Kikiwa ni unga au vumbi laini* (salfa, kinywe), miwani ya mbavu haitoshi, unga unazunguka pembeni. Unataka ile ya kufunika jicho lote, yenye mpira laini unaogusa ngozi na mkanda wa kuzunguka kichwa. Angalia matundu yake ya hewa. Yakiwa wazi moja kwa moja, unga utapita. Yawe yamefunikwa, au yasiwepo kabisa. Na kumbuka barakoa, kwa sababu salfa inachoma pia kifua.

*Kikiwa ni majimaji* (dawa za kupuliza za maji, mafuta ya ganda, dawa ya kusafishia choo), ni hiyo hiyo ya kufunika yenye matundu yaliyofunikwa.

*Kikiwa ni mwanga,* mambo ni mawili. Jua la mchana linataka miwani inayozuia miale hatari; tafuta alama ya UV400. Weusi wa lenzi peke yake si ushahidi. Lenzi nyeusi isiyo na kinga inaifanya mboni ifunguke zaidi na kuingiza miale mingi zaidi. Hili liwafikie pia dada zetu wa mwani kule Paje na Jambiani, maana jua la juu likikutana na lile linaloakisiwa na maji, jicho linapigwa mara mbili. Ama kuchomelea vyuma kwa umeme, miwani ya jua haisaidii kitu. Inatakiwa kinyago chenye lenzi maalumu nzito. Hata mtoto anayesimama kutazama fundi anaweza kuamka usiku akilia kama ametiwa mchanga machoni.

Sasa alama. Miwani ya kweli imechapwa alama kwenye lenzi au fremu yenyewe, si kwenye boksi tu. Ya kipimo cha Marekani ina Z87, na ikiwa na alama ya kujumlisha, yaani Z87+, imepimwa kwa mgongo mkali. Kwenye kipimo hicho D3 ni ya matone, D4 ya vumbi na D5 ya vumbi laini kabisa. Ya kipimo cha Ulaya imeandikwa EN 166. Hapo kwenye fremu namba 3 ni ya matone, 4 ya vumbi kubwa na 5 ya gesi na vumbi laini. Herufi F ni ya mgongo mdogo, B wa kati, A mkubwa. Piga picha aya hii uende nayo dukani. Muuzaji akikuambia alama hazina maana, mshukuru, nenda duka la pili.

Bei? Jozi nzuri ya kawaida haizidi doti mbili za kanga nzuri, nasi tunapeleka doti ngapi kwenye harusi moja?

Na mume au ndugu yako akiwa ameajiriwa, mgodini au kiwandani, ajue kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Si zawadi, ni wajibu wake.

Ukiwa na ushungi au nikabu

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wanasema miwani haikai. Inakaa, ila inataka mpangilio. Anza na kofia ya ndani, ile ya kubana nywele. Vaa miwani, mkanda upite juu ya kofia. Kisha ushungi uje juu ya mkanda. Mpira wa miwani uguse ngozi pande zote. Kitambaa kikiingia katikati, unga utapita hapo hapo.

Kwa mwenye nikabu, ifunge chini ya ukingo wa miwani, iwe imebana kwenye mfupa wa pua. Ikilegea, pumzi inapanda na lenzi zinafanya ukungu, halafu utazivua katikati ya kazi, na ndio wakati kipande kinakuja. Na tusijidanganye, nikabu peke yake haikingi jicho. Inazuia vumbi la mdomo na pua, jicho limebaki wazi.

Wanja na lenzi za rangi viache nyumbani siku ya salfa na siku ya safari ya vumbi. Unga unanata kwenye wanja, na ukiingia chini ya lenzi hautoki kwa machozi. Biharusi anayesafirishwa kwa pikipiki huku kavaa lenzi za harusi, tafadhali, azivae akishafika.

Ukitoka shambani, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, ndipo utie udhu. Vua nguo za salfa kabla ya kumbeba mtoto. Miwani ioshwe kwa maji na sabuni. Ukiifuta kavu kwa kanga unaikwaruza, na lenzi yenye mikwaruzo mtu haivai.

Likitokea la kutokea

Mchanga au vumbi: usifikiche. Mwagia maji safi huku unapepesa.

Dawa, salfa au mafuta ya ganda: maji safi yanayotiririka, papo hapo, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa limefunguliwa. Kisha hospitali. Usisubiri kwanza ufike hospitali ndipo uoshwe.

Kipande kilichochoma jicho: usikitoe, usioshe, usikandamize. Funika kwa kikombe kidogo cha plastiki kisichogusa jicho, uende hospitali saa hiyo hiyo.

Majani, maziwa ya mama, asali, mate: hapana. Kwa mapenzi yote kwa bibi zetu, hapana. Ukiona ukungu ghafla, maumivu yasiyopungua au damu ndani ya jicho, usihesabu siku.

Na nyumbani kwetu Unguja, zile bastola za plastiki za risasi ndogo tunazowanunulia watoto Sikukuu, zinalenga wapi? Usoni. Mtoto anunuliwe mpira.

Zawadi tuliyoipeleka

Mwaka huu binti wa wifi yangu ameolewa, na amekuja kwetu Nachingwea, kwa mume mwenye mikorosho. Mimi kama mke wa mjomba nilipewa kupanga sanduku. Niliweka kanga, udi, marashi, msala. Chini kabisa niliweka miwani miwili ya kufunika, mmoja wake na mmoja wa mumewe, na barakoa.

Siku ya kufungua sanduku mbele ya akinamama, ilipotolewa ile miwani, ukumbi uliangua kicheko. Mmoja akasema, "Biharusi anakwenda kuogelea?" Mwingine akaivaa akacheza nayo. Nilicheka nao, kwa sababu kweli inachekesha.

Wifi yangu hakucheka. Aliinuka, akaichukua miwani kwa yule aliyekuwa akicheza, akaipapasa ukingo kwa kidole kama anavyopapasa kikombe, akamvalisha bintiye mwenyewe juu ya ushungi wake wa harusi. Akamwambia, "Mama, hii ndiyo nyumba ya macho yako. Usitoke bila nyumba." Ukumbi ukanyamaza, kisha mtu akapiga kigelegele.

Wifi mwenyewe sasa anavaa miwani ya polikaboneti tangu asubuhi mpaka jioni, hata akipika. Mwenye jicho moja hana la akiba, na hata mwenye mawili hajui lipi litatangulia.

Basi, dada yangu unayeposwa: mahari yako ni haki yako na huna wa kukuuliza. Lakini katika orodha ya vitu, baada ya udi na kabla ya vipodozi, andika mstari mmoja wa miwani miwili. Na wewe mama unayempeleka mwana wako bara, muulize mkwe wako anafanya kazi gani, kisha uuliza macho yake anayalinda vipi. Ni swali la heshima, na atajua umempokea kama mwanao.

Allah atuhifadhie kuona kwetu na kusikia kwetu, atujaalie tuwatazame waume zetu na watoto wetu kwa macho yenye afya, na atufungulie kuisoma Qur'ani mpaka siku zetu za mwisho. Awape shifaa wote walioumia, na awalipe wenye subira kwa kile walichokikosa. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.